Kupima Mosi na Kuvumwani: Bayomasi, Kaboni na Kazi ya Mfasiri

Utangulizi

Anayepanda Milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, akishauacha ukanda wa mianzi huingia katika msitu wa erika, miti iliyopindapinda ambayo magome yake hayaonekani. Shina limevikwa, matawi yamevikwa, mawe na mizizi vimevikwa, na mguu huzama kana kwamba umekanyaga godoro lililolowa. Vilivyovika vitu hivyo vyote ni viumbe vidogo ambavyo wengi wetu hatuna jina lake. Tukiulizwa, husema 'ukungu', 'majani ya mawe', au tukanyoosha kidole tu na kusema 'ile kijani'.

Katika makala haya tunanuia kueleza jinsi wataalamu wa misitu wanavyokadiria bayomasi na kaboni iliyomo katika matabaka hayo ya mosi na kuvumwani. Msomaji anaweza kuuliza: jarida la walimu wa Kiswahili lina haja gani na mambo ya mizani na tanuri? Tunazo sababu mbili. Kwanza, Kiswahili kimepewa kazi kubwa zaidi katika nchi zetu. Katiba ya Uganda ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya mwaka 2005, na Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Lugha rasmi haiwezi kuishia kwenye salamu, fasihi na hotuba; ni lazima iweze kueleza hesabu ya msitu. Pili, biashara ya kaboni imefika vijijini. Tanzania ilitoa kanuni za kusimamia biashara hiyo mwaka 2022, na katika nchi jirani pia wanakijiji huletewa mikataba, miongozo ya upimaji na matangazo ya mikutano. Wanaotafsiri karatasi hizo ni wanafunzi tunaowafundisha leo. Kama tutakavyoonyesha, neno moja likikosewa linaweza kuongeza tarakimu ya mkataba zaidi ya mara tatu.

1. Mosi ni nini, na kuvumwani ni nini?

Mosi ni mimea midogo ya kijani isiyo na maua wala mbegu, na isiyo na mizizi ya kweli. Hujishikiza kwenye gome, jiwe au udongo kwa nyuzinyuzi nyembamba, na hufyonza maji na virutubisho kwa mwili mzima, hasa kwa vijani vyake. Huzaana kwa viiniyoga vinavyopeperushwa na upepo. Tofauti yake kubwa na maharagwe au mgomba ni namna inavyoishi na maji. Mgomba ukikauka umekufa. Mosi nyingi hukauka zikawa kama nyasi za kuezekea, kisha mvua ikinyesha hurudi kuwa kijani na kuendelea kukua.

Kuvumwani si mmea. Ni viumbe viwili au zaidi vilivyoshikamana: kuvu, ambayo hujenga nyumba, na mwani au bakteria wa kijanibuluu, ambao hupika chakula kwa nguvu za jua. Ziko za aina nyingi: zilizobanduka kama rangi iliyokauka juu ya jiwe, zilizo kama majani yaliyosinyaa, na zinazoning'inia matawini kama ndevu za mzee. Baadhi ya kuvumwani hunasa nitrojeni kutoka hewani na kuurutubisha msitu.

Tusimame kidogo kwenye majina. Neno 'kuvumwani' linajieleza: kuvu pamoja na mwani. Kwa mkazi wa Unguja au Pemba mwani ni ule unaolimwa baharini, lakini wanabiolojia wamelipanua neno hilo lifikie hata viumbe vidogo visivyoonekana kwa jicho. Neno 'mosi' tumelitohoa, nalo lina kasoro moja ambayo kila mwalimu ataiona haraka: linagongana na 'mosi' ya hesabu, ile iliyomo katika Jumamosi. Hata hivyo Kiswahili kimezoea jambo hilo. Paa wa porini na paa la nyumba havijawahi kumchanganya mtu, wala kaa la moto na kaa wa pwani, kwa sababu ngeli na muktadha hutenganisha. Tunapendekeza mosi na kuvumwani ziwekwe katika ngeli ya I-ZI: mosi hii inakua, mosi hizi zinakua.

2. Kwa nini vipimwe?

Kwa muda mrefu hesabu za misitu zilikuwa hesabu za miti. Mtaalamu alipima unene wa shina kwenye kimo cha kifua, akakadiria urefu, akatumia fomula na kupata uzito. Kilichofunika ardhi na matawi kiliachwa kwa kuwa kilionekana kidogo. Katika misitu mingi ya tambarare kuacha huko hakuleti madhara makubwa. Lakini ziko sehemu mbili za dunia ambako tabaka hili haliwezi kupuuzwa.

Ya kwanza ni misitu ya kaskazini, yaani Alaska, Kanada, Skandinavia na Urusi. Huko miti ni myembamba na hukua polepole, na chini yake kuna zulia la mosi na kuvumwani linaloenea mamia ya kilomita. Zulia hilo huikinga ardhi iliyoganda isipate joto la kiangazi, na baadhi ya kuvumwani zake ni chakula cha kulungu wa kaskazini wakati wa baridi. Zulia likiungua, ardhi huanza kuyeyuka na kaboni iliyozikwa humo kwa karne nyingi hutoka.

Ya pili ni misitu ya mawingu katika milima ya tropiki, nayo ndiyo inayotuhusu sisi: Rwenzori, Virunga, Nyungwe, Uluguru na Usambara. Huku zulia limepanda juu ya miti. Mosi huchuja ukungu, hunasa matone na kuyaachia polepole. Mosi ya aina ya sfagnamu huweza kubeba maji yenye uzito wa zaidi ya mara kumi ya uzito wake ikiwa kavu. Kwa wakazi wa bondeni, mosi ni tangi la maji lililojengwa bila saruji.

Watu wa Kasese wanajua maana ya tangi hilo kuharibika. Mito inayoshuka Rwenzori, kama Mubuku na Nyamwamba, humwagilia mashamba, na Mubuku huzalisha umeme pia. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika na kubomoa nyumba na madaraja. Watafiti waliochunguza mafuriko hayo waliutaja moto uliounguza sehemu za juu za bonde mwaka 2012 kuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia, pamoja na mvua kubwa na maporomoko ya udongo. Mlima uliovuliwa nguo zake hauwezi kuyazuia maji.

3. Kupima tabaka la ardhini

Njia ya zamani ya kupima ni kuvuna. Mtafiti hukata kipande cha zulia, hukiweka katika mfuko wa karatasi, hukikausha na kukipima. Njia hii ni sahihi, lakini ina ubaya wake. Mosi hukua polepole, na shimo lililokatwa huweza kuonekana kwa miaka mingi. Zaidi ya hayo, mtu hawezi kuvuna msitu mzima, na katika hifadhi ya taifa pengine haruhusiwi kabisa.

Kwa hiyo wataalamu walitafuta njia ya kukadiria bila kung'oa. Mwaka 2015 Robert Smith na wenzake walichapisha katika jarida la The Bryologist njia ya haraka iliyokusudiwa kutumika katika ukaguzi wa misitu wa Marekani, hususan Alaska. Wazo lake ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari anaweza kulifuata. Ukijua ujazo wa zulia na ukajua densiti yake, umeshajua tungamo lake. Hatua zake kuu tunaweza kuzieleza hivi:

(a) Chora ploti msituni na uweke ndani yake vituo vingi vya kupimia kwa utaratibu uliopangwa kabla, si kwa kuchagua mahali panapopendeza macho.

(b) Katika kila kituo laza fremu ndogo, tuseme ya sentimita 20 kwa 50. Eneo lake ni sentimita za mraba 1,000, yaani sehemu ya kumi ya mita ya mraba.

(c) Tenganisha vilivyomo katika makundi kufuatana na umbo na kazi yake, si kufuatana na jina la spishi. Mathalani, mosi za sfagnamu ni kundi moja, mosi zinazotambaa kama manyoya ni kundi jingine, na kuvumwani zenye matawi kama vichaka ni kundi la tatu. Hapa ndipo penye ujanja wa njia hii. Kutambua spishi za mosi ni kazi ya bingwa mwenye hadubini, lakini kutambua umbo ni kazi ambayo mlinzi wa msitu anaweza kufundishwa kwa muda mfupi.

(d) Kadiria asilimia ya fremu iliyofunikwa na kila kundi.

(e) Pima kina cha kila kundi kwa kuchomeka kijiti chembamba chenye alama za sentimita.

(f) Zidisha eneo lililofunikwa kwa kina ili kupata ujazo, kisha zidisha ujazo huo kwa densiti ya kundi.

Densiti haitoki hewani. Hupatikana kwa kuvuna sampuli chache mara moja, kuzipima ujazo, kuzikausha katika tanuri la maabara kwenye nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi kwa muda wa saa 48 au mpaka uzito usibadilike tena, kisha kuzipima kwa mizani. Baada ya hapo fremu nyingine zote hupimwa bila kung'oa chochote. Tahadhari ni kwamba densiti ya mosi za Alaska haiwezi kuhamishiwa Rwenzori. Kila eneo linahitaji sampuli zake.

4. Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa darasani. Tarakimu zake ni za kufundishia tu.

Fremu ina eneo la sentimita za mraba 1,000. Mosi imefunika asilimia 60, na kina chake ni sentimita 5. Ujazo ni 1,000 × 0.60 × 5, yaani sentimita za ujazo 3,000. Tuseme densiti ya mosi hiyo ikiwa kavu ni gramu 0.02 kwa kila sentimita ya ujazo. Tungamo kavu ni 3,000 × 0.02, yaani gramu 60.

Gramu 60 zimo katika sehemu ya kumi ya mita ya mraba. Hivyo mita ya mraba ina gramu 600. Hektari moja ina mita za mraba 10,000. Tukizidisha tunapata gramu 6,000,000, ambazo ni tani 6 za bayomasi kwa hektari.

Bayomasi si kaboni tupu, kwa maana ndani yake mna hidrojeni, oksijeni na madini. Kaboni huwa karibu nusu ya tungamo kavu. Kipimo bora ni kile cha maabara. Kisipopatikana, hutumika makadirio ya kati ya asilimia 45 na 50. Tukitumia 45, tani 6 za bayomasi zina tani 2.7 za kaboni.

Mwanafunzi aangalie kwamba hesabu nzima imejengwa juu ya mosi kavu. Mosi iliyotoka kunyeshewa ikiwekwa kwenye mizani, kinachopimwa kwa sehemu kubwa ni mvua. Ndiyo maana katika tafsiri 'uzito mbichi' na 'uzito mkavu' si maneno ya kubadilishana.

5. Kupima juu ya miti

Katika misitu yetu ya milimani kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu zulia limekunjwa na kuzungushiwa matawi. Lisilopimika kwa fremu bapa hupimwa kwa vipande vya tawi.

Mwaka 1974 mtaalamu Johansson, aliyefanya utafiti katika misitu ya Afrika Magharibi, aliugawa mti katika kanda tano: tako la shina, shina lenyewe hadi tawi la kwanza, theluthi ya ndani ya matawi, theluthi ya kati, na theluthi ya nje. Mgawanyo huo bado unatumika kwa kuwa kila ukanda una hali yake. Ndani kuna kivuli na matawi manene yaliyokaa miaka mingi; nje kuna jua, upepo na vitawi vichanga. Kiasi cha mosi katika ukanda mmoja hakiwezi kuwakilisha ukanda mwingine.

Mtafiti huchukua kipande cha tawi, mara nyingi kutoka mti ulioanguka karibuni au kwa kupanda kwa kamba, na hupima urefu na kipenyo chake. Tawi lina umbo la mcheduara, kwa hiyo eneo la gome lake ni 3.14 × kipenyo × urefu. Tawi lenye kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa sentimita 50 lina gome la sentimita za mraba 1,570. Mosi ikibanduliwa yote, ikakaushwa na kuwa gramu 78.5, basi kila sentimita ya mraba ya gome imebeba gramu 0.05, sawa na gramu 500 kwa mita ya mraba.

Hapa wengi hujikwaa. Hizo ni gramu 500 kwa mita ya mraba ya gome, si ya ardhi. Ili kufika kwenye hektari ni lazima kukadiria jumla ya eneo la magome ya miti yote iliyo katika hektari hiyo, ukanda kwa ukanda. Mfasiri akiandika 'kwa mita ya mraba' bila kusema ya nini, msomaji wake atachukulia kuwa ni ya ardhi.

6. Mfano wa Uluguru

Hatuhitaji kwenda Alaska kutafuta mfano. Mmojawapo wa mifano inayotajwa sana duniani ulitoka Morogoro, Tanzania. Mtaalamu wa mosi kutoka Hungaria, Tamás Pócs, alifanya utafiti katika Milima ya Uluguru na mwaka 1980 alichapisha matokeo kuhusu bayomasi ya viumbe vinavyoishi juu ya miti na jinsi inavyoathiri maji.

Alilinganisha misitu miwili. Katika msitu wa chini kidogo mlimani, bayomasi hiyo ilikuwa takriban tani 2 kwa hektari. Katika msitu wa juu wa miti mifupi iliyovikwa mosi, ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilifika takriban tani 14 kwa hektari. Ni mlima mmoja, lakini tofauti ni kama mara saba.

Matokeo yaliyovutia zaidi yalikuwa ya maji. Pócs alikadiria kwamba katika msitu huo wa juu, viumbe hivyo vingeweza kunasa lita zipatazo 50,000 kwa hektari katika mvua moja. Tuzipe lita hizo sura. Milimita moja ya mvua juu ya hektari moja ni lita 10,000. Kwa hiyo lita 50,000 ni milimita 5 za mvua zilizozuiwa juu ya miti kabla hazijagusa udongo.

Maji ya Uluguru huingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam kwa sehemu kubwa. Mtu anayefungua bomba Kinondoni hajui kwamba sehemu ya maji yake ilipumzika kwanza katika mosi za Uluguru. Pia tunapata fundisho kwamba thamani ya tabaka hili haimo katika kaboni peke yake. Tani 14 za bayomasi ni ndogo zikilinganishwa na mamia ya tani za miti. Anayezitazama kwa jicho la kaboni tu ataona jambo dogo. Anayezitazama kwa jicho la maji ataona jambo kubwa. Mwongozo unaotaja jambo moja na kunyamazia la pili humpa mwanakijiji nusu ya habari.

7. Mambo yanayopotosha makadirio

Neno 'kukadiria' lina uzito wake. Hatusemi 'kuhesabu' kwa sababu kila hatua ina mwanya wa kukosea. Tutaje mianya minne.

Kwanza ni mpaka wa chini. Juu kuna mosi ya kijani iliyo hai, chini yake mosi ya kahawia iliyokufa lakini ingali na umbo, kisha mboji, kisha udongo. Mosi inaishia wapi? Timu moja ikipima hadi kwenye mboji na nyingine ikaishia kwenye kahawia, majibu yao hayawezi kulinganishwa. Vilevile, ikiwa timu ya udongo nayo imeihesabu mboji, kaboni ileile itaingizwa mara mbili.

Pili ni sifuri. Tuseme fremu tano zimetoa tani 4, 9, 0, 6 na 11 kwa hektari. Jumla ni 30 na wastani ni 6. Mtu akiiacha fremu tupu kwa kudhani haina maana, atagawa 30 kwa 4 na kupata 7.5. Amezidisha kwa asilimia 25 bila kusema uongo hata mmoja. Mahali pasipo na mosi ni sehemu ya msitu.

Tatu ni mteremko. Hektari ya kwenye ramani hupimwa kwa ulalo, kama inavyoonekana kutoka juu. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, mita 100 zilizopimwa kwa kufuata ardhi ni kama mita 87 tu kwenye ramani. Katika milima kama Rwenzori jambo hilo haliwezi kuachwa.

Nne ni wastani usio na masafa. Katika mfano wetu wa fremu tano, wastani wa 6 unaficha ukweli kwamba kipimo cha chini kilikuwa 0 na cha juu 11. Ripoti njema hutoa wastani pamoja na kiasi cha kutokuwa na hakika. Mfasiri asivifute vineno kama 'takriban', 'kati ya' na 'huenda' ili sentensi iwe nyepesi. Vineno hivyo ndivyo vinavyobeba uaminifu wa mpimaji.

8. Istilahi: hapa ndipo pesa zinapopotea

Sasa tufike kwenye kazi yetu wenyewe. Istilahi zifuatazo tumezitumia katika makala haya, nasi tunapendekeza zitumiwe kwa maana moja tu katika hati moja.

Tungamo: kiasi cha maada iliyomo katika kitu, ambacho hupimwa kwa gramu, kilo au tani. Katika mazungumzo twasema 'uzito', na si kosa, lakini fizikia hutofautisha.

Bayomasi: tungamo la viumbe, au mabaki yake, katika eneo fulani, kwa kawaida yakiwa makavu. Katika habari za nishati limezoeleka neno 'tungamotaka'. Linafaa linapohusu kuni, samadi na maranda. Halifai kwa mosi iliyo hai mtini, kwani si taka.

Densiti: tungamo lililomo katika kipimo kimoja cha ujazo.

Kaboni: elementi, ile iliyomo katika mkaa, ubao na mosi.

Hewa ukaa: gesi iliyoundwa na kaboni na oksijeni, ambayo ndiyo inayozungumzwa katika mabadiliko ya tabianchi.

Hizi mbili za mwisho ndizo zenye hatari. Katika magazeti na mikutano tunasikia 'biashara ya kaboni' na 'biashara ya hewa ukaa' zikitumiwa kwa maana moja, na kama jina la biashara hakuna madhara. Madhara huja maneno hayo yanaposimama mbele ya tarakimu. Chembe ya kaboni ina uzito wa 12. Molekuli ya hewa ukaa, yenye kaboni moja na oksijeni mbili za 16 kila moja, ina uzito wa 44. Kwa hiyo kila tani 12 za kaboni zikiungua zote hutoa tani 44 za hewa ukaa. Kubadilisha kaboni kuwa hewa ukaa ni kuzidisha kwa 44 na kugawanya kwa 12, yaani takriban mara 3.67.

Turudi kwenye mfano wetu. Hektari ilikuwa na tani 2.7 za kaboni. Hizo ni sawa na tani 9.9 za hewa ukaa. Katika soko, vyeti huuzwa kwa tani za hewa ukaa. Mkataba wa asili ukisema tani 9.9 za hewa ukaa, na mfasiri akaandika tani 9.9 za kaboni, amekipa kijiji utajiri kisio nacho. Mkataba ukisema tani 2.7 za kaboni, na mfasiri akaandika tani 2.7 za hewa ukaa, amekinyang'anya kijiji karibu robo tatu ya haki yake. Katika hali zote mbili sarufi ni safi, ngeli zimekaa sawa, na mtahini angeweza kutoa alama zote. Aliyeumia ni yule aliyetia kidole gumba kwenye karatasi.

Kuna utata mwingine mdogo. Kutunza kaboni iliyokwisha kuwamo mosini na kuongeza kaboni mpya kila mwaka ni mambo mawili. La kwanza ni akiba, la pili ni mapato. Tani 2.7 za mfano wetu ni akiba iliyokusanywa kwa miaka mingi. Tafsiri inayosema 'msitu huu hunasa tani 2.7' imegeuza akiba kuwa mapato ya kila mwaka, na kosa zima limo katika kiambishi 'hu-' kinachoonyesha mazoea. Semeni 'umehifadhi' panapohusu akiba, na 'hunasa kila mwaka' panapohusu mapato.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba kupima mosi na kuvumwani hakuhitaji mitambo ya ajabu: fremu, kijiti cha kupimia kina, mizani, tanuri na utaratibu. Tumeona pia kwamba matokeo yake yanagusa mambo mazito, kuanzia mto wa Kasese hadi bomba la Dar es Salaam na mkataba wa kijiji. Kinachohitajika kwetu ni Kiswahili kinachotaja kila kipimo kwa jina lake na kutobadilisha jina hilo katikati ya njia.

Walimu wenzetu wanaofundisha tafsiri wanaweza kuyatumia mazoezi yafuatayo darasani. Tungependa yafanywe kwa vikundi, na ikiwezekana kila kikundi kiwe na mwanafunzi mmoja wa idara ya misitu au biolojia.

Zoezi la 1. Fremu ya sentimita 20 kwa 50 ina mosi iliyofunika asilimia 40 kwa kina cha sentimita 8. Densiti ni gramu 0.03 kwa sentimita ya ujazo, na kaboni ni asilimia 45. Tafuta bayomasi, kaboni na hewa ukaa kwa hektari.

Zoezi la 2. Andika matokeo ya zoezi la 1 kwa sentensi tatu zitakazosomwa katika mkutano wa kijiji. Usitumie fomula, lakini usipoteze tofauti ya kaboni na hewa ukaa wala ya akiba na mapato.

Zoezi la 3. Waulize wazee wa kwenu mosi na kuvumwani huitwaje katika lugha ya nyumbani, na hutumiwa kwa kazi gani. Orodhesha majina hayo, kisha jadili ni lipi linaweza kuingizwa katika Kiswahili badala ya 'mosi'.

Jibu la zoezi la 1: bayomasi tani 9.6, kaboni tani 4.32, hewa ukaa tani 15.84. Zoezi la 3 halina jibu moja, nasi tutafurahi kupokea orodha zenu ili idara ianze kuzikusanya.